Msimwite mchawi: Kwa nini namtetea sosara

Tuseme ukweli: kwenye Dungeons & Dragons, ni wahusika wachache wanaodharauliwa kama sosara. Kitabuni anaitwa Sorcerer, na jirani yake ni wizadi, yule wa kubeba kitabu cha speli kila mahali. Wasee wengi huwaona kama ndugu wawili, mmoja akiwa amefeli mtihani. Mimi nakataa. Kwa mtu aliyelelewa Meru au Embu, sosara ndiye mwenye hadithi tamu kuliko wote.

Tuanze na lawama, maana zina msingi. Mchezo ulitoka 1974, lakini sosara alipewa nafasi yake katika toleo la tatu, mwaka 2000. Kwa sheria za 2014, ukiacha zile speli ndogo ndogo, anaanza na 2 na anamaliza kiwango cha 20 akijua 15 tu. Wizadi anaanza na 6 kitabuni na kuongeza 2 kila akipanda kiwango. Piga hesabu: ni 44, bila zile anazonakili njiani. Toleo la 2024 limempandisha sosara hadi 22. Bado ni nusu.

Lakini sosara anapinda speli zenyewe. Anaweza kuielekeza moja kwa watu wawili, au kuitoa bila kutamka neno wala kuinua mkono. Na ukichukua sosara wa nguvu zisizotabirika, kwa sheria za 2014 dadu ya pande 20 ikiangukia 1 anaweza kujilipua na moto pamoja na wenzake, au kugeuka mmea ndani ya chungu. Mezani hakuna anayesinzia.

Utamu wenyewe uko kwenye asili yake. Wizadi amesoma. Sosara amezaliwa nayo. Hapo ndipo sisi wa huku tunapaswa kukaa wima, kwa sababu Wameru walikuwa na Mugwe. Mamlaka yake yalirithiwa katika ukoo, na kazi yake ilikuwa kubariki watu. Bernardo Bernardi aliandika kitabu kizima kumhusu mwaka 1959. Kwa Waimenti, nguvu yake ilikuwa katika mkono wa kushoto, ambao aliuficha na kuutumia kwa baraka tu. Hebu fikiria mhusika wa namna hiyo: kijiji kizima kinajua kilichomo mkononi mwake, na yeye hana ruhusa ya kuutumia ovyo. Hiyo inashinda damu ya joka mara mia.

Ndiyo maana nawaomba tuache kumwita "mchawi" tunapocheza kwa Kiswahili. Lugha zetu zilishatenganisha mambo. Murogi hudhuru. Mundu mugo hutibu na kuondoa madhara. Mugwe hubariki. Kuwatia wote kwenye gunia moja ni uvivu, na si uvivu salama. Oktoba 2021 kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Sheria ya Uchawi tuliyo nayo ni ya 1925, enzi za mkoloni, na haikuwaokoa. Neno linaloweza kumuua nyanya ya mtu tusilirushe mezani kama utani. Na mzazi akichungulia mlangoni, ni rahisi zaidi kumweleza sosara ni nani kuliko kumweleza kwa nini mwanawe "ni mchawi wa kiwango cha tano".

Kuna hoja moja inayonisumbua. Tumelelewa kwa "soma, mwanangu, utoke", kisha namsifu mtu aliyepewa kila kitu na damu? Tunajua vizuri Kenya hii jina la ukoo linavyofungua milango. Jibu langu ni kwamba kuzaliwa na nguvu si sifa. Ni deni. Tatizo la kitabu ni kwamba hakimdai sosara kitu. Nguvu inakuja, na hakuna anayemuuliza.

Basi sisi tumdai. Kabla ya dadu ya kwanza, kila anayechukua sosara ajibu maswali matatu. Nani wa kwanza kujua? Wazee walimkataza nini? Akivunja mwiko, nani atalipa? Msimamizi wa mchezo aandike majibu na ayatumie. Baraza la wazee kama Njuri Ncheke likikuita ujieleze, hizo pointi zako za kupinda speli hazitakusaidia. Itabidi uongee, na bahati nzuri sosara hutegemea mvuto na ulimi wake kuliko kitu kingine.

Kisingizio cha pesa hakuna. Tangu Januari 2023 sheria za msingi, sosara akiwemo, ziko bure kwenye intaneti kwa leseni huria. Dadu ziko kwenye simu. Kilichobaki ni watu wanne, jioni moja, na mtu wa kukubali kuuficha mkono wake wa kushoto.