Kuku wa Nyama na Kipimo cha Chakula

Mfugaji mwenye bidii huona fahari vyombo vya chakula cha kuku wake visipokauka mchana wala usiku. Lakini kwa kuku wa nyama wa siku hizi, ambao hufikia kilo 2 kwa majuma 5 au 6, ukarimu huo una hatari yake. Mwili hukua upesi kuliko nguvu za moyo na mapafu. Katika sehemu za juu kama Limuru na Molo, zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, taabu huzidi kwa kuwa hewa ni nyepesi. Chembe nyekundu huongezeka, damu huwa nzito, moyo huchoka kuisukuma, na tumbo hujaa maji. Kuku huhema, kisha hufa.

Ndiyo sababu wataalamu hushauri kupunguza chakula kidogo, kwa siku chache tu, vifaranga wakiwa katika juma la pili. Baadaye kuku hurudisha sehemu kubwa ya uzito uliokosekana.

Walakini kupunguza si kushindisha na njaa. Njaa ya muda mrefu ni dhiki, na alama yake huonekana katika damu. Mwaka 1983 wataalamu wa Marekani, W. B. Gross na H. S. Siegel, walieleza kwamba kuku akiwa katika dhiki, chembe nyeupe ziitwazo heterofili huongezeka, na zile ziitwazo limfosaiti hupungua. Limfosaiti ni miongoni mwa askari wa mwili dhidi ya maradhi. Asiye na maabara na atazame kuku wenyewe: wenye njaa hudonoa vyombo vitupu na manyoya ya wenzao, na hunywa maji kupita kiasi hata matandiko yakalowa.

Basi yampasa mfugaji apime chakula kwa mizani, wala asikisie. Vyombo vitoshe kuku wote kula kwa wakati mmoja, la sivyo wanyonge hukosa hata hicho kidogo. Maji safi yawepo daima. Kuku wanaotaga wasipunguziwe chakula, maana mayai yatapungua pia.

Tena, kipimo hiki kisifanywe kisingizio cha ubahili. Bei ya gunia ikipanda, heri kufuga kuku 50 wanaoshiba kuliko 100 wenye njaa.