Magari-nyumba Bariadi: usijenge vyumba, weka bomba

WAFANYABIASHARA wa Bariadi wameanza kuyazoea, hasa kati ya Juni na Oktoba, magari makubwa yenye namba za nje ya nchi ambayo si ya mizigo wala ya abiria. Ndani yake mna kitanda, jiko, tangi la maji na mara nyingi choo. Wenyewe kwa kawaida ni mume na mke, wengi wao wastaafu kutoka Ulaya, ambao gari lao lilishushwa melini miezi kadhaa nyuma. Tuyaite magari-nyumba.

Kila linapopita moja, utasikia vijiweni kwamba watalii sasa wameanza kuja Simiyu, na mwenye kiwanja chake huanza kuhesabu vyumba atakavyojenga. Kwa maoni ya safu hii, hesabu hiyo inaweza kummaliza mtu mtaji. Mgeni wa gari-nyumba amekwisha kununua chumba. Anatembea nacho.

Ushahidi upo. Mjerumani Gunther Holtorf alianza safari na gari lake aina ya Mercedes mwaka 1988, bara la kwanza likiwa hili letu. Akiwa na mkewe Christine walizunguka dunia miaka na miaka, wakilala ndani ya gari na kujipikia wenyewe, na hoteli wakiikwepa kila ilipowezekana. Christine alifariki mwaka 2010 na mume akamaliza kipande cha mwisho hadi mwaka 2014, gari likiwa limetembea karibu kilomita 900,000. Leo limo katika jumba la makumbusho la kampuni hiyo mjini Stuttgart. Si kila mgeni anafika umbali huo, lakini tabia ya mfuko ni hiyo hiyo. Anayetazamia kumlaza mtu wa namba hii kwenye chumba cha kupangisha anamsubiri mteja ambaye hayupo.

Sasa tuitazame barabara, maana ndiyo iliyoleta yote haya. Tangu mkoa uanzishwe mwaka 2012, lami imejengwa kwa vipande vitatu: Mwigumbi hadi Maswa kilomita 50.3, Maswa hadi Bariadi kilomita 49.7, na Bariadi hadi Lamadi kilomita 71.8. Jumla ni kilomita 171.8, na zinaunganisha barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza na ile ya Mwanza na Musoma. Kwa mnunuzi wa pamba, dengu na choroko hii ni neema isiyo na ubishi. Kwa mwenye duka la kando ya barabara, jibu si rahisi hivyo. Zamani dereva alilazimika kulala njiani, akipenda asipende, kwa sababu ya vumbi au kwa sababu ya tope. Leo anaingia Mwigumbi asubuhi na kabla ya chakula cha mchana yuko Lamadi anatazama ziwa. Lami inaleta wateja, na lami hiyo hiyo inawapitisha.

Lamadi ina bahati yake. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko kilomita chache tu kaskazini. Kiingilio cha mgeni wa nje kwa miaka mingi kilikuwa dola 60 kwa saa 24, bila kodi ya ongezeko la thamani, na gari lenye namba za nje hulipiwa kwa dola kulingana na uzito wake wakati la namba za hapa hulipiwa kwa shilingi. Gari-nyumba ni zito. Kwa hiyo wapo wanaoliacha nje ya hifadhi, wakakodi gari la hapa na kuingia nalo. Mwenye uwanja salama Lamadi na mwenye gari la kukodisha wana biashara hapo, na Bariadi isijidanganye kwamba itawanyang'anya.

Bariadi ina kitu kingine. Wanaotoka kusini kuelekea Kenya hupita hapa wakiwa kwenye hatua yao ya mwisho nchini, kwani kutoka Lamadi ni Bunda, Tarime na mpaka wa Sirari. Mtu aliye karibu na mpaka ana shilingi mfukoni ambazo kesho kutwa hazitamfaa. Akizipeleka kwa wabadilishaji wa mpakani atapunjwa, naye anajua. Hivyo mkono uliokuwa mzito tangu Tunduma unalegea. Biashara yenyewe iko hapa, na karibu hakuna anayeizungumzia.

Agosti mwaka jana mwandishi aliwakuta wastaafu wawili, mume na mke, wamelaza gari lao katika uwanja wa kituo kimoja cha mafuta mjini hapa. Mwenye kituo hakuwatoza kitu kwa kulala. Walijaza dizeli tangi zima. Mama alichukua noti zilizobaki, akaenda sokoni na kurudi na mayai, nyanya, dengu kilo tatu, karanga na matobolwa, ambayo alisema yatakuwa chakula cha njiani hadi Nairobi. Baba alimpata fundi wa kuziba tairi. Kisha, jambo ambalo hakuna mpango wowote wa utalii ungeliandika, mama alinunua vitenge doti mbili akamkabidhi fundi cherehani amshonee mapazia mapya ya madirisha yote sita ya gari. Fundi alikesha. Asubuhi yalikuwa yametundikwa, na gari likaondoka kuelekea Lamadi likiwa na sura ya Bariadi.

Hesabu ya siku hiyo haikumtajirisha mtu. Lakini angalia imegusa nani: muuza mafuta, mama wa mbogamboga, fundi tairi, muuza vitenge, fundi cherehani. Hakuna hata mmoja aliyekopa benki ili kumhudumia mgeni yule. Mmoja tu alikosa, naye ni muuza vikapu aliyetaja bei kwa dola. Mama alikuwa anataka kumaliza shilingi, na mtu anamwomba dola! Tena tukumbushane: kwa kanuni zilizotolewa Machi 2025, ni kosa hapa nchini kutangaza au kudai bei ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa humo. Bei ya shilingi, iliyoandikwa wazi kwenye kadi ya boksi, inatosha.

Sasa kwa anayetaka kuwekeza. Tuseme umezungushia uwanja ukuta, ukajenga choo na bafu, na unatoza shilingi 25,000 kwa gari kwa usiku mmoja. Tuseme unapata magari mawili kila wiki kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba. Hizo ni wiki 22, magari 44, shilingi 1,100,000. Mlinzi peke yake atazila. Miezi iliyobaki utakuwa unafuga majani. Mradi wa kusimama wenyewe, basi, haupo, na anayekuletea michoro yake mwulize yeye ataweka shilingi ngapi.

Mwenye ukuta tayari hesabu yake ni nyingine: mwenye nyumba ya wageni, mwenye kituo cha mafuta, mwenye ghala. Huyu anahitaji bomba lenye maji safi ya kujazia tangi, choo kinachofungwa kwa ndani, taa, mlinzi asiyelala, na mahali pa kumwagia maji machafu pasipo kumwudhi jirani. Nyaya za umeme zipandishwe, kwa kuwa magari haya ni marefu kwenda juu. Muhimu kuliko yote ni changarawe. Udongo mweusi wa Simiyu wakati wa kiangazi ni mgumu kama sakafu, lakini ukinyeshewa hata mara moja unameza gurudumu, na gari la tani saba likizama uani kwako usiku wa manane, wewe ndiye utakayetafuta trekta.

Wapo wanaosema tuanze na kuutangaza mkoa. Safu hii haipingi, ila maonesho ya Nanenane ya kitaifa yalifanyika Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, umati ukaja, nyumba za wageni zikajaa, na umati ukaondoka. Waliojenga kwa kutazama wiki ile moja wanajua kilichofuata. Chaki za Maswa nazo zilivuma sana, lakini mgeni wa gari-nyumba hana ubao wa kuandikia. Ana friji ndogo, na maziwa ya Meatu yakiwa baridi na yamefungwa vizuri atayachukua.

La kuangalia kwa mwenye uwanja ni kugongana kwa misimu. Pamba huanza kununuliwa karibu na Mei, na malori hutafuta mahali pa kulala miezi ile ile ambayo magari-nyumba yanapita. Mwenye lori hulipia mwezi mzima na hahitaji bomba wala pazia. Nafasi moja ya kona, karibu na maji, ndiyo ya kumwachia mgeni. Nyingine zote apewe mwenye pamba.