Methali Tatu, Hoja Hakuna

Insha zetu siku hizi zafanana kama sare za shule. Swali liwe la ukame au la mihadarati, mwanzo ni ule ule: methali tatu zilizokaririwa. Hoja iko wapi, jamani?

Katika KCSE insha ni mbili, ya lazima na ya kuchagua, kila moja alama 20 na maneno yasiyopungua 400. Ukijaza mapambo ukurasa mzima, utaeleza saa ngapi?

Tukiulizwa juu ya kuhifadhi udongo, kwani tukope mifano ya mbali? Milima ya Machakos imejaa matuta ya "fanya juu". Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, mvua ikija shamba halishuki mtoni. Mwaka wa 1994 kilichapishwa kitabu kizima kuonyesha kwamba hapa watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua. Sisi twaandika "mazingira ni muhimu", basi!

Najua methali huleta alama za mtindo. Lakini moja inayofaa yatosha. Naomba chamani kila mtu asome aya yake, nasi tumwulize "kwa nini?" mpaka ajibu.