Mtoto hafukuzwi siku moja: majirani watanyamaza mpaka lini?

Lubumbashi. Usiku, kandokando ya maduka ya katikati ya mji, kuna watoto wanaolala juu ya makartoni. Wapita njia wanawaita mashege, wanashika vizuri mifuko yao na kuendelea na safari. Wachache wanajiuliza watoto hao walitoka lupangu gani. Wako wenye baba, mama, shangazi ao nyanya katika komini za Katuba, Ruashi ao Kampemba. Na wako waliofukuzwa nyumbani kwa neno moja tu: mulozi.

Lakini mtoto hafukuzwi siku moja. Mambo yanaanza pale baba anapopoteza kazi, pale mtoto mchanga anapofariki, ao pale mama wa kambo anapoingia nyumbani. Anatafutwa mwenye kosa, na mara nyingi anapatikana yule asiye na wa kumtetea: yatima, mtoto wa mke wa kwanza, mwenye kifafa, anayekojoa kitandani. Kwanza anakula peke yake. Kisha anaondolewa masomoni. Baadaye anapelekwa kwenye chumba cha maombi, ananyimwa chakula siku kadhaa mpaka akubali kwamba anaruka usiku. Mtoto mwenye njaa atakubali lolote. Barabara inakuja mwishoni.

Yote hayo yanapita mbele ya macho ya majirani. Katika lupangu yenye nyumba tatu ao nne na choo kimoja, kila mtu anasikia. Watu wananyamaza kwa kusema: "Ni mambo ya familia." Hapana. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshitaki ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu: anayemshitaki mtoto ulozi anafungwa mwaka 1 hadi 3, na faini ya franka 200.000 hadi 1.000.000.

Ni kweli, jirani anaogopa. Akisema leo, kesho ataitwa mulozi yeye pia, na mama huyo ndiye anayemwomba makala na chumvi. Kwa hiyo asiende peke yake. Wamama wawili ao watatu wakiuliza kwa upole sababu gani mtoto haendi tena masomoni, familia itajua kwamba mtoto huyo ana watu. Anayekojoa kitandani na mwenye kifafa wapelekwe kwenye kituo cha afya, si kwa nabii. Kukiwa kipigo ao njaa, shefu wa kartiye aambiwe, na mambo yafike kwenye tribinali ya watoto iliyoundwa na sheria hiyo ya 2009. Mchungaji naye, akiletewa mtoto, anaweza kuzima moto kwa kusema waziwazi: mtoto huyu si mulozi, mrudisheni nyumbani.

Wasalesiani wa Don Bosco wanapokea watoto wa barabarani katika nyumba ya Bakanja, na kazi hiyo inastahili sifa. Lakini mtoto aliyekwisha kuzoea barabara ni vigumu kumrudisha kwao. Akiwa angali ndani ya lupangu, ni rahisi zaidi. Haihitaji mradi wala pesa kutoka nje. Inahitaji majirani wanaokubali kuuliza mapema, wakati mtoto bado analala chini ya paa.