Ethanoli Itoke kwa Miwa, Mahindi Yaachwe Yaliwe

Bei mpya za mafuta hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi. Zikipanda, sisi wa Kipsongo, hapa Kitale, huziona kwanza katika nauli ya bodaboda. Hapo ndipo wanafunzi huuliza: mbona nchi yenye miwa haichanganyi petroli na ethanoli?

Iliwahi kuchanganya. Kuanzia 1983 kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company, Muhoroni, kilikeneka ethanoli kutokana na molasi, ule uji mweusi unaosalia sukari ikishatolewa. Ikauzwa Nairobi ndani ya petroli, sehemu moja kwa kumi, kwa jina la gasoholi. Mwaka 1993 mpango ukafa. Injini hazikuwa na hatia. Bei iliyopangwa na serikali ilikuwa duni mno, na kampuni za mafuta za kigeni hazikuupenda mpango wenyewe. Malawi, iliyoanza 1982 kule Dwangwa, haikuuacha wake. Nchi isiyo na bandari huijua gharama ya kusafirisha petroli.

Molasi tunayo, hata jirani zetu wa Nzoia, Bungoma. Tani moja hutoa takriban lita 250 za ethanoli, na hamira ndiyo mfanyakazi mkuu, jambo ambalo mwalimu wa kemia aweza kulionyesha darasani. (Wapikaji wa chang'aa hawakungoja mtaala.) Ila lita ya ethanoli ina theluthi mbili tu za nguvu ya lita ya petroli, asiuziwe mtu kwa bei moja.

Hofu yangu ni mahindi. Marekani hugeuza zaidi ya theluthi moja ya mahindi yake kuwa ethanoli, na Trans Nzoia ni ghala letu la nafaka. Siku mwenye gari atakapogombea gorogoro moja na mama wa Kipsongo anayenunua unga wa siku hiyo tu, sihitaji kueleza nani atashinda. Kwa hiyo sheria itamke wazi kuwa ethanoli ya magari itoke kwa molasi. Mkulima wa Bungoma, aliyezoea kulipwa kwa uzito wa miwa, tena baada ya kungoja, apewe fungu lake la molasi hiyo. Nayo maji machafu, zaidi ya lita kumi kwa kila lita ya ethanoli, yasafishwe kabla hayajaufikia Mto Nzoia, kwani walio chini yake huyanywa.