Joka halihitaji mabawa

Karibu na mji wa Eskilstuna nchini Sweden kuna jabali linaloitwa Ramsund. Katika karne ya 11, fundi mmoja alilichonga jabali hilo joka refu lililojipinda, kisha ndani ya mwili wa joka akapanga herufi za kale za kumbukumbu ya daraja. Chini ya joka yupo mtu anayechoma upanga kuelekea juu, tumboni. Mtu huyo ni Sigurd, na joka ni Fafnir. Pembeni kuna farasi, kuna ndege juu ya mti, na Sigurd yuleyule anaonekana tena, safari hii ameketi penye moto, kidole gumba mdomoni, kwa kuwa ameungua akichoma moyo wa joka aliloliua. Likague jabali hilo upande hadi upande, hutaona bawa hata moja.

Leo mabawa yamekuwa sare ya kazi. Majoka ya Game of Thrones yanaruka. Smaug wa The Hobbit, riwaya ya J. R. R. Tolkien iliyotoka mwaka 1937, anaruka. Vibonzo vinavyotazamwa na watoto wa Afrika Mashariki kwenye simu na televisheni vina majoka yenye mabawa ya popo, na vitabu vya hadithi vinavyochorwa hapa hapa vinaiga mtindo huo bila kuuliza. Hiyo ni hasara. Joka linalotambaa linaaminika zaidi, linatisha zaidi na linampa mwandishi hadithi nzuri zaidi. Sababu ziko mwilini mwake.

Tuanze na mifupa. Ndege, mijusi, vyura, tembo na binadamu wote wametokana na umbo moja la kale lenye viungo vinne. Ndege alipopata mabawa, aliyalipia kwa miguu ya mbele. Popo naye alilipa vivyo hivyo. Joka lenye miguu minne na mabawa mawili lina viungo sita, na hakuna mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo aliyewahi kuwa navyo. George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vilivyozaa Game of Thrones, aliliona tatizo hilo, ndiyo maana majoka yake yana miguu miwili tu.

Likitoka tatizo la viungo linakuja la uzito. Quetzalcoatlus, mmoja wa viumbe wakubwa kuliko wote waliowahi kuruka, alikuwa na mabawa yenye upana wa takriban mita 10, lakini uzito wake unakadiriwa kuwa kilo 200 hadi 250 tu. Majoka ya sinema yanachorwa na kiwiliwili cha tembo kadhaa, kisha yanapaa kama kunguru.

Yaondoe mabawa, na hesabu zote zinakaa sawa. Kinachobaki ni mtambaazi mkubwa mwenye njaa, na huyo yupo duniani mpaka leo.

Mwaka 1912, Peter Ouwens, aliyekuwa akiongoza makumbusho ya wanyama mjini Bogor katika kisiwa cha Java, alichapisha maelezo ya kwanza ya kisayansi kuhusu mnyama wa kisiwa cha Komodo. Dunia ikamwita joka. Mtu wa Pwani angemwita kenge bila kusita, na angekuwa sahihi, kwani ni wa jenasi moja na kenge wetu wa mtoni. Dume mkubwa hufikia mita tatu na uzito wa kilo 70 na zaidi. Kwa mlo mmoja anaweza kumeza nyama yenye uzito wa hadi asilimia 80 ya uzito wake mwenyewe, kisha akakaa wiki nyingi bila kula. Ulimi wake umegawanyika ncha mbili, na tofauti ya harufu kati ya ncha ya kulia na ya kushoto humwonyesha mzoga uko upande gani, hata ukiwa kilomita kadhaa mbali.

Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba anaua kwa uchafu wa mdomo wake. Mwaka 2009, timu ya mtafiti Bryan Fry ilionyesha kwamba kwenye taya la chini ana tezi za sumu, sumu inayozuia damu kuganda na kushusha shinikizo la damu. Mwaka 2024 watafiti wengine wakaeleza kwamba ncha na kingo za meno yake zimepakwa tabaka la madini ya chuma lenye rangi ya machungwa. Joka lenye meno ya chuma: mwandishi wa fantasia angeandika hivyo, mhariri angemwambia apunguze chumvi.

Maisha ya familia yake yanatisha vilevile. Wakubwa hula watoto, kwa hiyo mtoto akitoka kwenye yai hukimbilia mtini na kuishi huko miaka yake ya mwanzo, mpaka awe mkubwa kiasi cha kujitetea. Wakubwa hawamfuati kwa kuwa ni wazito mno kupanda. Na jike anaweza kuzaa bila dume. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha habari za majike wawili waliokuwa Uingereza, Flora wa bustani ya wanyama ya Chester na Sungai wa London, waliotaga mayai yenye uhai ambayo hayakurutubishwa na dume yeyote. Kwa mpangilio wa kromosomu zao, watoto wa aina hiyo huwa madume. Jike mmoja akitupwa na maji kwenye kisiwa kitupu anaweza kujizalia dume na kuanzisha ukoo. Riwaya ngapi za fantasia zimejengwa juu ya joka la mwisho duniani? Kumbe likiwa jike, huenda si la mwisho.

Waandishi wa zamani hawakuwa na makala za Nature, ila walijua kumtazama mnyama. Katika saga (simulizi ya kale) ya Volsunga, Fafnir wa jabali lile analalia dhahabu yake na ana desturi moja inayomponza: hutambaa kwenda kunywa maji kwa njia ileile. Sigurd anachimba shimo kwenye njia hiyo, anajificha ndani na kumchoma anapopita juu yake. Mwindaji yeyote anayevizia kwenye mapito ya wanyama analijua somo hilo. Lipe joka lile mabawa, na shimo halina kazi tena. Hadithi nzima inakufa hapo hapo.

Tolkien, aliyekuwa profesa wa Oxford na msomaji mkubwa wa saga hizo, alilielewa jambo hili kuliko yeyote. Smaug ndiye maarufu, lakini joka lake lililofikiriwa kwa kina zaidi ni Glaurung, baba wa majoka, anayesimuliwa katika The Silmarillion, kitabu kilichotoka mwaka 1977, na katika The Children of Húrin cha mwaka 2007. Glaurung ana miguu minne, ana moto, na hana mabawa.

Kwanza, Glaurung anakua. Anatokea mara ya kwanza mwaka 260 wa Zama za Kwanza za ulimwengu wa Tolkien, akiwa hajakomaa, magamba yake bado hayajawa magumu. Wapanda farasi wenye pinde, wakiongozwa na Fingon, wanamzunguka na kumtimua kwa mishale. Anarudi mwaka 455 akiwa amekomaa, na safari hii mishale haitoshi. Mwandishi aliyefikiria umri wa magamba amemchukulia joka wake kuwa kiumbe hai.

Pili, anaathiri mahali anapopita. Anaunguza njia yake, na anapoingia mtoni maji yanachemka na mvuke unafunika nchi. Tatu, silaha yake kali kuliko zote ni macho na maneno. Kwa macho anamfuta binti Nienor kumbukumbu zote, na kwa maneno anamdanganya shujaa Túrin mpaka anaipa mgongo njia aliyopaswa kuifuata. Kiumbe asiyeweza kuruka lazima akukaribie ili akudhuru, na akikukaribia kuna mazungumzo, kuna kutazamana, kuna nafasi ya hila.

Kifo chake ndicho kinachomaliza ubishi. Mwaka 499 Glaurung anafika kwenye bonde jembamba la Cabed-en-Aras, ambako mto Teiglin unapita chini kabisa kati ya kuta za mawe. Kwa kuwa hana mabawa, hana namna ila kujirusha na kulivuka bonde kwa mwili wake, sehemu ya mbele ng'ambo, sehemu ya nyuma huku, tumbo laini likining'inia juu ya shimo. Túrin amekwishapanda ukutani kutoka chini. Anampiga upanga tumboni. Mandhari, silaha na hatima ya shujaa, vyote vimepangwa na ukosefu wa mabawa.

Watetezi wa mabawa wana hoja yao, na si ndogo. Joka linaloshuka kutoka mawinguni linaleta hofu ambayo mtambaazi haleti, na usiku ambao Smaug anauchoma moto mji wa ziwani ni miongoni mwa sehemu kali kabisa za The Hobbit. Lakini Smaug naye anauawa na mwili wake: sehemu moja ya kifua cha kushoto haina kinga, na mshale unapita hapo. Wapo pia wanaosema fantasia ni fantasia, sayansi ikae pembeni. Hao wamwangalie joka wa Kichina, ambaye kwa kawaida hupaa angani bila bawa lolote. Wasomi wa Kichina wa kale hawakumwacha hivihivi. Walieleza kwamba pembe zake ni za paa, shingo ya nyoka, magamba ya samaki, kucha za tai, na magamba yenyewe wakayahesabu kuwa 117. Uchawi wake unaaminika kwa sababu mwili wake una mpangilio.

Kuhusu moto, fantasia ina ruhusa yake, na bado maumbile yanaweza kutoa msaada. Yupo mbawakawa mdogo anayechanganya kemikali mbili tumboni na kumrushia adui maji yanayokaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Kwenye pwani ya Kenya yupo swila mkubwa kuliko swila wote wanaotema sumu duniani. Alitambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Watamu. Swila akikasirika huinua kichwa, hutanua shingo, na misuli hukamua tezi mpaka sumu iruke kwa nguvu kupitia vitundu vya mbele ya meno. Hulenga uso, huku akitikisa kichwa ili matone yatawanyike na kufikia macho yote mawili. Anayetaka joka litemalo moto aanzie kwenye shingo ile.

Jotoridi nalo linapanga ukubwa. Nyoka Titanoboa, ambaye mabaki yake yalifukuliwa kwenye mgodi wa Cerrejón nchini Colombia na kutangazwa mwaka 2009, alikuwa na urefu wa takriban mita 13 na uzito wa zaidi ya tani moja. Kutokana na ukubwa huo watafiti walikadiria kwamba nchi aliyoishi, yapata miaka milioni 60 iliyopita, ilikuwa na wastani wa nyuzi 30 na zaidi. Mtambaazi wa damu baridi hawezi kuwa mkubwa hivyo kwenye theluji. Kwa kipimo hicho, joka kubwa ni mkazi halali wa nchi za joto, na ngome za barafu za Ulaya ndizo zinazohitaji maelezo.

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa imelikaribisha zamani. Katika kisa cha Sultani Darai, kilichokusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, nyoka wa vichwa saba anamiliki jumba lililojaa mali, na paa mdogo anamkata vichwa kwa upanga, kimoja baada ya kingine, mpaka cha saba. Hazina ipo, mlinzi mwenye magamba yupo, na shujaa ni mnyama ambaye nyoka yule angemmeza kwa mkupuo mmoja. Hata katika Biblia, kitabu cha Ufunuo, sura ya 12, joka lina vichwa saba na pembe kumi, linatapika maji kama mto, na mabawa ya tai anapewa mwanamke anayelikimbia.

Wasanii wetu wana mali nyingine ambayo bado haijaguswa. Msafara wa mamba na kenge wamo, husema wahenga, lakini kwenye msafara wa majoka kenge amesahaulika. Jike la kenge wa mtoni hutoboa kichuguu chenye mchwa hai, hutaga mayai ndani, kisha huondoka. Mchwa huziba tundu wenyewe. Ndani hali ya joto na unyevu haibadiliki sana, na mayai yanakaa miezi mingi yakilindwa na askari wasiojua wanalinda nini. Mwandishi akikikuza kichuguu hicho kikawa mji, na mchwa wakawa watu wanaomlelea adui wao chini ya nyumba zao, ana riwaya mkononi.

Basi wachoraji, waandishi na wachapishaji wa vitabu vya watoto waache kunakili mabawa ya sinema. Kabla jalada halijapitishwa, mhariri amuulize mchoraji joka lake linakula nini, linataga wapi, linapataje joto, na silaha inaweza kupenya sehemu gani ya mwili wake. Asiye na majibu arudi kwanza ukingoni mwa mto akamtazame kenge.