Maandishi ya Chini Hayamsaidii Kogo

Kuna watu wakisikia DJ Afro wanakunja pua. Ati anaongeza chumvi, ati anaharibu muvi ya watu. Sawa, chumvi anaongeza. Lakini kwetu hapa Kiptere, yeye ndiye anafanya kogo akae sebuleni hadi mwisho. Kogo hajui kusoma. Kiswahili chake alikiokota kwenye mashamba ya majani chai, akichuma na Wajaluo na Wakisii, na kinamtosha kufuata nani anapigwa na kwa nini anapigwa.

Sasa muwekee Supa Modo, ile ya Likarion Wainaina ya 2018. Dakika 74 tu, na kwangu mimi ndiyo muvi tamu zaidi imetoka Kenya. Msichana mgonjwa, Jo, anarudishwa nyumbani amalizie siku zake, kisha kijiji kizima kinaigiza ili aamini ana nguvu za ajabu. Mara Kiswahili, mara Kikikuyu, mara Kiingereza, na tafsiri yote iko chini kwa maandishi. Kogo akauliza, "Huyo mtoto anaumwa nini?" Ndugu yangu akamwambia anyamaze. Kogo! Kwa nyumba yake!

Nikashika rimoti, nikawa nasimamisha na kueleza kwa Kipsigis. Ilichukua karibu saa mbili na nusu, na hapo ndipo ubishi ulianza. Sisi wote tulikuwa upande wa dada yake Jo. Kogo alikuwa upande wa mama: mtoto mgonjwa hazungushwi nje ndio watu wafurahi. Hakuna mtu alikuwa na jibu la maana.

Kinachonishangaza ni hiki. Nairobi Half Life ya 2012 inaanza na Mwas, kijana wa kijijini anayeuza DVD kwa kuigiza muvi za kigeni mbele ya watu. (Hiyo usiiangalie na mamako, shauri yako.) Kwa hivyo watengenezaji wetu wanajua vizuri vile muvi hufika mashambani: kwa mdomo wa mtu. Mbona basi zao wanazitoa na maandishi peke yake? Kurekodi mtu mmoja akisimulia kwa Kiswahili rahisi, au kwa Kipsigis, si kazi ya mamilioni. Vijana wa huku tuko, simu tuko nazo, midomo ndiyo hii. Mtupatie tu ruhusa.